Gati zuri, huduma mbali: kisa cha boti moja kwenye mfereji wa Uingereza wakati wa baridi

Usuli

Boti yenyewe ni ya chuma, ya aina inayojengwa kwa ajili ya mifereji myembamba ya Uingereza. Ina urefu wa mita 17.4 (futi 57) na upana wa mita 2.1, na sehemu inayozama majini ni kama sentimita 65. Upana huo mjenzi hana hiari nao. Loki nyingi za karne ya 18, yaani vyumba vyenye malango ya kupandishia na kushushia boti, zina upana wa futi 7 hivi, na isiyopenya hapo haifiki popote.

Ndani waliishi mume na mke, wote wafanyakazi, mmoja wao akipanda treni kila siku ya kazi. Jina la mfereji na la mji tumeyaacha, na umbali mmoja mmoja tumeubadilisha kidogo. Mpangilio wa loki, bomba, gati na mahali pa kugeuzia tumeuacha ulivyo, kwa sababu kisa kizima kimo humo.

Hawakuwa na gati la kudumu. Shirika la Canal & River Trust, ambalo tangu 2012 husimamia mifereji na mito ya England na Wales yenye urefu wa kilomita 3,200 hivi, huwapa leseni watu wa namna hii chini ya sheria ya 1995. Sharti ni kwamba boti iwe inasafiri kweli, wala isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, ila pale hali yenyewe inapofanya muda zaidi kuwa wa haki. Kwa msimu wa baridi kuna njia ya pili: kibali cha kulipia kati ya Novemba na Februari, kinachomruhusu mtu kutulia mahali palipotajwa. Wawili hawa walikata kibali cha kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari.

Akiba zao zilikuwa hivi. Tangi la maji safi lita 450, lililojengwa omo, yaani mbele ya boti. Choo cha kaseti chenye kaseti mbili, yaani matangi madogo ya uchafu yanayochomolewa na kubebwa kwenda kumwagwa, za lita 18 kila moja. Jiko la makaa ya mawe, mitungi miwili ya propani ya kilo 13, betri nne za saa-ampea 110, na sola ya wati 400 juu ya paa.

Ramani ya mahali

Msomaji na aishike picha hii akilini. Gati lipo katikati ya kipande cha maji tambarare. Kusini yake, kilomita 2.5, kuna kituo cha huduma chenye bomba la maji, mahali pa kumwagia kaseti, mapipa ya taka na mahali pa kugeuzia boti. Kati ya gati na kituo hicho kuna loki moja, inayoshuka kuelekea kusini. Kaskazini, kilomita moja tu, kuna mahali pengine pa kugeuzia, lakini hapana huduma yoyote. Kituo cha pili cha huduma kiko kaskazini zaidi, kilomita 9 na loki tano kutoka gatini, na pa kugeuzia pako mita 600 mbele yake.

Suala la kugeuza si dogo. Boti ya mita 17.4 haiwezi kugeuka kwenye mfereji wa kawaida, omo ingegonga ukingo mmoja na tezi, yaani nyuma yake, ukingo wa pili. Hugeuzwa pale tu ukingo ulipochimbwa ukapanuliwa. Kurudi kinyumenyume kwa mita mia inawezekana. Kwa kilomita mbili na upepo wa ubavuni, usukani hautii.

Gati lilichaguliwa kwa sababu stesheni iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ukingo una mabamba ya chuma ya kufungia kamba, na jirani ni wapole. Sababu zote tatu ni za kweli.

Desemba: utaratibu uliofanya kazi

Boti ilikuwa imefungwa omo ikitazama kaskazini. Kila Jumamosi walikwenda kaskazini kilomita moja, wakageuza, wakarudi kusini kupita gati lao wenyewe, wakashuka loki, wakajaza maji na kumwaga kaseti, wakageuza tena na kurudi. Ni kilomita 7 na loki mara mbili. Kwa mwendo wa kilomita nne na nusu kwa saa (mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4, na mbele ya boti zilizofungwa hupunguzwa zaidi), pamoja na saa moja ya bombani, kazi ilichukua kama saa tatu na nusu.

Bombani walikuwa waangalifu, na hilo tunalitaja kwa sababu wengi hulipuuza. Bomba liliachwa limwage dakika moja kwanza, mdomo wake ukafutwa kwa dawa, ndipo mpira wa maji ya kunywa ukaunganishwa. Daima yupo mtu aliyesuuzia kaseti yake kwenye bomba la maji safi huku bomba la kusuuzia liko hatua kumi tu pembeni. Mpira wa kaseti na mpira wa maji havikuwahi kukaa kabati moja.

Matumizi yalikuwa lita 60 kwa siku kwa watu wawili, na kaseti moja ilijaa baada ya siku mbili na nusu hadi tatu. Hesabu ya kaseti ndiyo iliyokuwa inabana: kaseti mbili ni siku tano au sita, na safari ni kila siku ya saba. Siku hiyo iliyopungua waliifidia kwa vyoo vya kazini na vya stesheni, na kwa kuwa mambo yalikwenda, hawakuiona kama pengo.

Tangi lilijazwa mara ya mwisho tarehe 28 Desemba.

Januari: barafu, loki, na maji kushuka

Mfereji uliganda usiku wa kuamkia tarehe 2. Tarehe 3 barafu ilikuwa na unene wa sentimita tatu, na kijiti kilichotumbukizwa tangini kilionyesha lita kama 90. Safari ilikuwa ipangwe tarehe 4. Habari ikaja kutoka kwa jirani aliyetembea hadi kituoni: bomba nalo limeganda. Na tarehe 8 loki ya kusini ingefungwa hadi tarehe 23 Februari ili malango yake yabadilishwe. Kufungwa huko kulikuwa kwenye orodha ya matengenezo ya baridi iliyotangazwa tangu kabla hawajakata kibali. Waliiona, wakasema watajaza vizuri kabla ya siku yenyewe.

*Uamuzi wa kwanza: kuvunja barafu au kukaa.* Boti ya chuma ina uwezo wa kuvunja barafu ya sentimita tatu. Mume alitaka kwenda, mke akakataa, na mke ndiye aliyekuwa sahihi. Barafu inayovunjwa hukwangua rangi nyeusi ya lami inayolinda chuma, hasa kwenye mstari wa maji, ambako kutu huanza. Vipande vyake husukumwa pembeni kama vioo, na boti mbili za fibaglasi zilikuwa zimefungwa njiani. Zaidi ya hapo, mwisho wa safari palikuwa na bomba lililoganda.

*Uamuzi wa pili: maji na choo kwa miguu.* Karakana moja ya boti iko barabarani, kilomita 1.8 kutoka gatini, nayo ina bomba la ndani na shimo la kumwagia kaseti. Mke alikwenda kuongea na mwenye karakana siku hiyo hiyo ya tarehe 3, tangini mkiwa bado na maji. Walikubaliana ada ndogo kwa kila kaseti, maji bure, kabla ya saa kumi na moja jioni. Wakanunua kaseti ya tatu na kitoroli cha magurudumu mapana ya kujazwa upepo. Kaseti iliyojaa hufika kilo 20 na zaidi, na kitoroli cha magurudumu madogo kingekwama kwenye tope la njia ya ukingoni kabla ya daraja la kwanza. Madumu mawili ya lita 20 yalikuwa mzigo wa safari moja.

Matumizi yakashushwa hadi lita 25 kwa siku: kuoga kazini, vyombo kuoshwa mara moja kwa siku kwenye beseni, maji ya kusuuzia vyombo yakatumika kufutia sakafu. Lita zilizobaki tangini ziliachwa kama akiba, hazikuguswa mpaka siku ambayo madumu yangekosekana.

*Uamuzi wa tatu: moto.* Boti inayouza makaa, gesi na dizeli mferejini haikuweza kufika kwa ajili ya barafu, na baada ya tarehe 8 isingefika kwa ajili ya loki. Waliagiza mifuko kumi ya makaa yasiyo na moshi kwa muuzaji wa nchi kavu, ikashushwa darajani na kuvutwa kwa kitoroli kile kile. Kwa baridi ile mfuko wa kilo 20 ulikaa siku tatu. Gesi haikusumbua, kwa sababu mitungi ilikuwa ya propani. Wenye mitungi ya butani walikuta jiko halitoi moto asubuhi, maana butani karibu na nyuzi sifuri haigeuki mvuke. Lilikuja wazo la kuziba matundu ya hewa kwa matambara ili joto lisitoke, nalo likakataliwa papo hapo: hayo ndiyo matundu yanayolinda watu waliolala na jiko linalowaka. Kengele ya gesi ya kaboni monoksidi ilijaribiwa kila wiki.

Kisha ikaja usiku wa tarehe 9 kuamkia 10, ambao ndio uliokaribia kuwagharimu boti.

Ili mafundi wafanye kazi ndani ya loki kavu, mbao za kuzuia maji hupangwa katika mifuo maalumu upande wa juu wa loki. Zile mbao zilivuja. Kipande cha maji ambako gati lipo, kikiwa upande huo wa juu, kilishuka sentimita 25 hivi ndani ya saa chache. Barafu ilibaki imening'inia ukingoni, ikapasuka kwa kishindo, na kishindo ndicho kilichowaamsha saa tisa usiku. Kikombe kilikuwa kimeteleza mezani. Boti ilikuwa imelala upande wa nje.

Chini ya maji, kando ya ukingo, kulikuwa na rafu ya mawe na udongo ulioporomoka. Maji yaliposhuka, upande wa ndani wa boti uliketi juu ya rafu hiyo, na upande wa nje ukaendelea kushuka. Kamba nazo zilikuwa zimefungwa fupi na kukazwa, kwa hiyo zilishikilia upande wa ndani juu. Hatari yenyewe ilikuwa upande wa nje: matundu ya kutolea maji ya sinki na bafu, ambayo siku zote yako sentimita ishirini au zaidi juu ya maji, sasa yalikuwa yamebakiza upana wa vidole vitatu. Tundu la namna hiyo likizama, maji huingia bila sauti, boti huinama zaidi, na mwisho wake hujulikana.

Walichofanya kilikuwa na mpangilio mzuri:

1. Kamba zililegezwa kwanza, omo na tezi, karibu mita moja kila moja, bila kufunguliwa kabisa. Kamba ya omo ilikuwa imekaza kiasi cha kutofunguka kwa mkono, mke akaitoa kwa kugonga kulabu ya ukingoni kwa nyundo, huku amesimama pembeni, si nyuma ya kamba.
2. Matundu ya sinki na bafu yalizibwa kwa ndani kwa vizibo na matambara.
3. Mlango wa hewa wa jiko ulifungwa moto upoe, kwa sababu makaa yenye moto kwenye sakafu iliyoinama ni msiba wa pili.
4. Wote wawili wakashuka ukingoni, wakasukuma kwa pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia boti, kuanzia tezi, barafu ikiwa imeshapasuka. Injini haikuwashwa: rafadha, yaani panga linalosukuma boti, ingenyonya maji kutoka chini ya boti na kuishusha zaidi kwenye rafu.
5. Simu ya dharura ya mfereji, inayopokewa saa zote, ikapigwa.

Boti iliteleza kutoka kwenye rafu jaribio la tatu. Alfajiri mafundi walikuja kuziba mbao na kuteremsha maji kutoka loki za juu. Adhuhuri kina kilikuwa kimerudi. Siku hiyo boti ilisogezwa kwa kamba, kwa mkono, mita 40 kaskazini ambako pondo halikugusa rafu, na magurudumu mawili ya aina ya yale ya kitoroli yakaning'inizwa ubavuni chini ya mstari wa maji ili kuiweka boti mbali na ukingo.

Matokeo

Barafu iliyeyuka tarehe 12. Tarehe 13 walianza safari ya kituo cha kaskazini. Kwenda hadi pa kugeuzia ni kilomita 9.6 na loki tano, zaidi ya saa tatu. Kujaza na kumwaga ni saa moja na nusu. Kurudi ni kama kwenda. Jumla inazidi saa nane, na mwanga wa mchana katikati ya Januari katika sehemu hizo hauzidi saa nane na nusu. Walilala kituoni. Kuanzia hapo safari ikawa ya siku mbili kila baada ya siku 12 hivi, wakiwa na kaseti nne na matumizi ya lita 35 kwa siku, na karakana ikawa tegemeo la katikati. Mwisho wa Februari waliondoka boti ikiwa nzima, rangi ya chini haijakwanguliwa, lakini betri mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilifanyika Novemba, mezani. Walisoma kibali kama ahadi ya mahali pa kuishi. Kibali kinatoa haki ya kutosogea, basi. Mtu anayesafiri kila siku 14 hupita kituo cha huduma bila hata kupanga. Anayetulia ndiye anayelazimika kukitafuta. Kwa hiyo gati la baridi lahitaji hesabu kali kuliko la kiangazi, na wengi hufanya kinyume chake.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua akiba inayokwisha mapema kuliko zote, uone inatosha siku ngapi, kisha linganisha na siku ambazo njia ya huduma inaweza kufungwa. Hapa akiba hiyo ilikuwa kaseti: siku tano au sita. Maji yalitosha siku saba na nusu. Kufungwa kwa loki kulitangazwa kuwa siku 46. Hakuna "kujaza vizuri kabla" kunakoziba tofauti hiyo. Kama wangeuliza swali moja tu, kwamba loki hii ikifungwa choo tutamwaga wapi, wangekwenda kuongea na karakana Novemba, au wangechagua gati lingine upande wa kusini wa loki, ambako tangazo lile lile lisingewagusa.

Watu huhesabu maji kwanza kwa sababu maji yanaonekana. Maji hubebeka kwa dumu, hununuliwa dukani, hupunguzwa nusu kwa kuoga kwingine. Choo hakipungui hivyo. Tangi kubwa la choo la kufyonzwa lingewapa wiki kadhaa, ila lingewafunga zaidi, kwa kuwa tangi haliwekwi kwenye kitoroli. Kwa mwenye kukaa mbali na huduma, kaseti tatu au nne ni bora, nalo ni jambo ambalo tungelishauri kwa yeyote, hata wenzetu walioko Uingereza wanaovutiwa na boti kwa sababu ya kodi za nyumba.

Mwelekeo wa boti nao ulistahili kufikiriwa. Bahati iliwaangukia, walau kwa safari ya kwanza: omo ilitazama kaskazini, na kaskazini ndiko ilikobaki njia. Ingetazama kusini, wangelazimika kwenda kugeuza upande wa kituo, ng'ambo ya loki iliyofungwa, au kurudi kinyumenyume kilomita moja hadi pa kugeuzia. Kabla loki haijafungwa, boti igeuzwe itazame upande utakaobaki wazi.

Kuhusu usiku ule, mbao kuvuja ni jambo la kawaida penye loki inayokaushwa. Anayefunga boti kwenye kipande cha maji kilicho juu ya loki hiyo na achukulie kwamba maji yatashuka. Kabla ya kufunga, pondo lipitishwe chini kando ya boti, omo, katikati na tezi. Likigusa mawe kabla ya mita moja, hapo si mahali. Kamba ziende mbele na nyuma kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, zikiwa na ulegevu, badala ya kunyooshwa moja kwa moja ukingoni. Boti itachezacheza kidogo zikipita nyingine, na hilo huwaudhi waliozoea kukaza. Wakati maji yanaposhuka ulegevu huo ndio unaoiacha ishuke sawasawa.

Yaliyofanywa vyema ni mawili zaidi ya yote. La kwanza ni kuongea na karakana tangi likiwa bado na lita 90. Mwenye karakana alikuwa na kazi zake, na wiki hiyo hiyo watu wengine watatu walimjia wakiwa wakavu kabisa, saa za usiku, hao hakuwafungulia. La pili ni kulegeza kamba kabla ya kusukuma. Wengi hukimbilia pondo au injini, na kadiri wanavyosukuma boti iliyoshikwa na kamba ndivyo inavyozidi kuinama.

Betri ziliuawa na jambo la polepole. Sola ya wati 400 mwezi Januari, jua likiwa chini na paa likiwa na theluji, haikutoa cha maana. Injini iliwashwa saa moja kwa siku, ndani ya muda unaoruhusiwa kati ya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa kuogopa kuudhi majirani. Saa moja hurudisha sehemu ya kwanza ya chaji kwa haraka. Sehemu ya mwisho ya betri ya risasi na asidi huingia taratibu sana na huhitaji saa nyingi. Zikabaki nusu kwa wiki sita, na salfeti ikaganda kwenye mabamba. Saa tatu kila siku ya pili, pamoja na mchana kutwa kila walipokuwa safarini kwenda kituoni, zingetumia dizeli zaidi, lakini kwa faida kubwa zaidi. Majirani waliulizwa baadaye. Wote walisema kelele za injini mchana hazikuwahi kuwasumbua.